Mjumbe wa kamati ya jengo kauchuna, hapokei simu wala hajibu meseji: mfanye nini

Pampu ya maji ya jengo letu iliungua ijumaa usiku. Mpaka jumamosi saa nne asubuhi fundi keshakuja, keshaifungua, bei katuandikia, hela ipo benki na wajumbe wanne kati ya watano tumeshakubaliana. Ilibaki sahihi moja tu, ya mweka hazina, maana akaunti yetu ilikuwa inataka sahihi mbili na zote mbili za lazima, yake na ya mwenyekiti. Nikatuma meseji. Tiki zikageuka bluu, tunamuona yuko onlaini, akatoka. Kimya. Simu inaita mpaka inakata yenyewe. Siku tano watu wakapandisha ndoo kwa ngazi, na mzee wa ghorofa ya nne kila akinikuta anaweka ndoo chini, anahema, ananiangalia tu, hasemi kitu. Bora angenitukana.

Mi ndo nilikuwa katibu. Na kwa hasira zile nikafanya kosa, nikaingia kwenye grupu la wamiliki wote nikamtaja kwa jina kwamba maji hamna kwa sababu yake. Dakika kumi hazijaisha mtu keshaandika hela zimeliwa, mwingine kaweka vicheko, na mwenyewe akajitoa kwenye grupu. Pampu ikabidi tuchangishane mlango kwa mlango tumlipe fundi mkononi, tukaandika majina na kila mtu akarudishiwa baadae. Ila yeye kumpata tena ilituchukua wiki sita.

Nilichokuja kuona ni kwamba hapo kuna vitu viwili na wengi tunavivuruga, kuna kazi iliyokwama na kuna kiti alichokalia. Kazi ni ya leo, kiti kina mkutano wake. Ukianza kugombania kiti wakati kazi bado iko mikononi mwake atabaki na vyote. Toa kazi kwanza, ndo mpangilio wa hatua zote hizi hapa chini.

Hatua ya 1: jua ni kimya cha aina gani

Vimya havifanani. Kuna mtu hajibu chochote kwa yeyote, huyo mara nyingi ana yake, anaumwa, kafiwa, kasafiri, kazi imembana, na unakuta nyie mnamlaani huku jirani wa mlango wa pili anajua kila kitu, mlichotakiwa ni kuuliza tu. Kuna anayejibu salamu na kucheka kwenye grupu ila ikija kazi ya kamati hayupo, huyo kachoka, cheo alikitaka siku ya uchaguzi alafu akakutana na kazi yenyewe, haina malipo na lawama kila siku. Alafu kuna anayejibu kila kitu isipokuwa jambo moja. Mkiuliza lifti anajibu, mkiuliza taka anajibu, mkiuliza taarifa ya benki anapotea. Huyo wa tatu msimchelewee, sio lazima awe mwizi lakini hapo kuna kitu.

Kabla hujamuhukumu angalia na wewe unamuandikiaje. Mi nilirudi nyuma nikahesabu meseji zangu kwake, kumi na moja, na zenye swali kabisa la kujibiwa zilikuwa tatu. Nyingine zote ni "naona mambo yanaenda taratibu" na "tujitahidi wajumbe". Sasa hapo mtu akujibu nini?

Hatua ya 2: orodhesha kila kitu kinachomning'inia

Chukua karatasi, kaeni wawili watatu, andikeni vitu ambavyo bila yeye haviendi. Sio malalamiko, vitu. Sahihi benki. Nywila ya imeili ya chama cha wamiliki. Funguo za chumba cha pampu. Mkataba wa ulinzi, ule wenyewe sio kopi. Muhuri. Laini ya simu ambayo benki inaitumia meseji. Uadimini wa grupu. Na kitu ambacho hakionekani: mlinzi na mtu wa usafi wanampigia nani wakipata shida? Kama wanampigia yeye, basi kimya chake kinaenda mpaka getini na nyie hamjui.

Mbele ya kila kitu andika njia ya pili ya kukipata. Utashangaa. Sisi vitu tisa, saba vilikuwa na njia ya pili tulikuwa tu hatujawahi kuitafuta. Mkataba wa ulinzi kampuni yenyewe ilitupa kopi siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: mfuate yeye mwenyewe, faragha, na swali moja

Meseji moja, jambo moja, tarehe moja, na jibu liwe rahisi mtu aweze kulitoa akiwa amesimama kwenye foleni. Mfano:

"Kaka habari za siku nyingi, poleni na majukumu. Nina jambo moja tu. Fundi wa pampu anahitaji kulipwa kabla ya alhamisi. Utaweza kusaini wewe, au tumpe mwenzetu mmoja akusaidie kwa hili? Ukinijibu 'nasaini' au 'apewe mwingine' inatosha kabisa."

Umeona hapo hajaulizwa kwanini alipotea. Hilo swali achana nalo kwanza, ukiuliza kwanini utapata hadithi, na unachotaka wewe ni sahihi. Na kumbuka kumpa mlango wa kutokea kwa heshima, mtu akiona njia pekee ya kurudi ni kuomba msamaha mbele ya watu arobaini atabaki hukohuko alikojificha.

Siku mbili tatu kimya, piga simu mara moja jioni, sio mara kumi na mbili. Ikishindikana nenda mlangoni. Nenda na mtu mmoja, tena mtu anayemheshimu, usiende na kamati nzima kama mnakwenda kumkamata. Kama ni mtu mzima kukuzidi anza na shikamoo yako vizuri, keti ukikaribishwa, ongea habari za nyumbani kwanza. Mambo ya jengo usiyaongelee koridoni, koridoni kuna masikio. Kama hakai hapo, kapangisha na anaishi kwingine, usimtumie mpangaji wake kama tarishi, mpangaji hausiki na atakuchukia bure.

Mi nilienda na mama mmoja wa ghorofa ya chini ambaye jamaa anamuita mama mkubwa ingawa hawana undugu. Akafungua. Hakutukaribisha mara moja, alisimama pale na kandambili anaangalia chini. Tulivyoingia nikaona juu ya meza ya kulia mfuko wa nailoni umejaa risiti mpaka unataka kupasuka, nyingine zishafutika maandishi, zile za karatasi laini za mashine. Akasema yeye kuingiza hesabu aliacha miezi minne nyuma, mwezi wa kwanza ulimpita akasema ntafanya na wa pili, na wa pili ukampita, sasa kila akiona jina langu kwenye simu anajua nataka ripoti na hana. Hela ilikuwepo yote. Alichokuwa hana ni uso wa kutuangalia. Mama mkubwa akamwambia "mwanangu si ungesema", basi.

Sisemi wote wako hivo. Ila aibu inafanana sana na dharau ukiiangalia kwenye simu.

Hatua ya 4: weka maandishi, hata kama mnaelewana

Hapa watu wanaona kama uadui, sio uadui. Mkishaongea kwa mdomo tuma meseji au imeili fupi jioni hiyohiyo: "Asante kwa kunipokea, tumekubaliana utaleta risiti jumapili." Basi. Na kama hapatikani, kila jaribio liandike na tarehe yake. Andika kilichotokea, usiandike unavyojisikia. "Tarehe 3, saa 1 jioni, nimepiga simu, haikupokelewa" ni rekodi. "Anatudharau" sio rekodi, hayo ni maoni yako na siku ya mkutano yatakugeukia.

Barua ikibidi ipelekwe na daftari la kupokelea, anayepokea asaini. Akikataa kupokea, aliyepeleka anaandika kwamba barua imekataliwa, tarehe na saa, na shahidi mmoja anasaini.

Kwenye muhtasari wa kila kikao majina yagawanywe matatu: waliohudhuria, wasiohudhuria kwa udhuru, wasiohudhuria bila udhuru. Hilo neno udhuru usilipuuze hata kidogo. Katiba nyingi za vyama vya wamiliki zina kifungu kwamba mjumbe akikosa vikao kadhaa mfululizo bila udhuru, vitatu mara nyingi, nafasi yake inahesabika iko wazi. Mkiwa hamjaandika, hata kama kakosa vikao kumi, kwenye karatasi hajakosa hata kimoja.

Na kitu kingine ambacho watu wanakosea sana: endelea kumpa taarifa za vikao kama kawaida. Usimtoe kwenye grupu la kamati kwa hasira, usiache kumtumia ajenda eti kwa vile haji. Siku mkifanya uamuzi mkubwa na yeye hakupewa taarifa anaweza kuja kusema kikao hakikuwa halali, na atakuwa na hoja.

Hatua ya 5: endesheni kazi bila yeye, kihalali

Fungua katiba ya chama au kanuni za jengo, tafuta neno akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe halali. Kama wajumbe ni watano na akidi ni watatu, basi mnaweza kukaa wanne na kupitisha mambo, hamhitaji ruhusa yake wala kumsubiri. Watu wengi wanasubiri mtu wa tano miezi kibao kwa adabu tu. Ila soma vizuri akidi inahesabiwa kwa viti vyote au kwa wajumbe waliopo sasa, maana kama mwingine alishajiuzulu hesabu inabadilika.

Mtego upo kwenye kupitisha mambo kwa meseji. Tumezoea kuandika kwenye grupu "wajumbe tunakubaliana?" alafu watu wanaweka vidole gumba. Kanuni nyingi zikiruhusu uamuzi nje ya kikao zinataka wajumbe wote wakubali au wote wasaini, hapo mmoja akiuchuna mmekwama. Kikao cha kweli kinataka akidi tu. Kwahiyo mjumbe akiwa kimya acheni mambo ya vidole gumba, itisheni kikao hata cha dakika ishirini, toeni taarifa, andikeni muhtasari, malizeni. Alafu ile ya "asiyejibu tunahesabu kakubali" msiitumie kama haipo kwenye katiba, kimya sio kura.

Kazi yake mpeni mtu akaimu kwa muda kwa azimio la kikao, na mwandike ni kazi gani haswa na mpaka lini. Msiandike "kumsaidia", andikeni "kulipa bili za umeme wa ngazi na ulinzi mpaka kikao cha mwezi ujao".

Benki ndo inauma zaidi. Kubadilisha watia sahihi kawaida benki itataka muhtasari wa kikao uliosainiwa wenye azimio hilo, vitambulisho vya watia sahihi wapya na fomu zake yenyewe, na kuna benki zitataka na katiba ya chama pia, kwahiyo ulizeni kwanza kabla hamjakaa kikao ili azimio liandikwe kwa maneno wanayoyataka, sisi tulirudishwa mara mbili kwa sababu muhtasari ulisema "kubadilisha mweka hazina" na haukusema "kubadilisha mtia sahihi", kwao hayo mambo mawili tofauti. Mkipata nafasi hiyo ombeni watia sahihi watatu na wawili wowote kati yao watoshe. Bado ni sahihi mbili, hela iko salama vilevile, ila hakuna mtu mmoja anayeweza kulifungia jengo maji.

Msimsainie. Hata kama sahihi yake ni mstari tu na kila mtu anaiweza, hata kama "mwenyewe hatokataa", hilo ni kosa la jinai na mtakuwa mmempa yeye haki yote. Na msianze kukusanya sevisi chaji, ile michango ya kuendesha jengo, kwenye akaunti ya mtu binafsi eti kwa muda, huo muda hauishagi.

Hatua ya 6: sasa ndo kiti

Mara nyingi hamfiki hapa. Kwetu makaratasi nilishayaandaa yote ila jamaa aliandika barua ya mistari mitatu kujiuzulu uweka hazina, tukaomba abaki mjumbe wa kawaida, akakubali. Muombeni kwanza ajiuzulu mwenyewe, au abadilishe kazi. Mtu wa hesabu mbovu anaweza kuwa mzuri sana kwa taa na bustani.

Akigoma, au hapatikani kabisa, rudini kwenye katiba. Kama kifungu cha kukosa vikao kipo na mlirekodi, inatosha kikao cha kamati kuandika kwamba nafasi iko wazi na kumjulisha kwa barua. Kama hakipo basi kwa kawaida kamati peke yake haina uwezo wa kumfukuza mtu aliyechaguliwa na wamiliki, waliomuweka ndo wanaomtoa, na hiyo ni mkutano mkuu, wa mwaka au maalum. Mkutano maalum huitishwa na kamati au na wamiliki wenyewe wakifikisha kiwango kilichoandikwa, kuna katiba zinasema asilimia 10, kuna zinazosema 25. Jengo la nyumba 24 likitaka robo hizo ni sahihi 6 tu, jioni moja ya kugonga milango.

Taarifa ya mkutano itaje wazi kabisa kwamba kuna ajenda ya kumuondoa mjumbe fulani. Hamuwezi kuificha ndani ya "mengineyo" alafu mkamuibukia. Siku za taarifa hesabuni vizuri, mara nyingi siku ya kutoa taarifa na siku ya mkutano wenyewe hazihesabiwi, kwahiyo siku 14 kwenye karatasi zinakuwa zaidi. Angalieni pia kura inahesabiwaje, kwa nyumba moja kura moja au kwa ukubwa wa sehemu ya mtu, wanaodaiwa sevisi chaji wanaruhusiwa kupiga au la, na fomu za kumtuma mtu akupigie kura zinatakiwa zifike lini. Mambo haya madogo ndo yanayoangusha mikutano.

Siku yenyewe mpeni nafasi ya kuongea, hata kama mnajua atasema nini. Someni rekodi tu, tarehe kwa tarehe, bila maneno ya pembeni, alafu kura, ya siri ni bora zaidi kwa sababu hawa watu watakutana kwenye lifti kesho asubuhi.

Kama anayeuchuna ni mwenyekiti au katibu mwenyewe, yule anayetakiwa kuitisha mikutano, msikwame hapo. Tafuteni makamu ana mamlaka gani, na kama hakuna makamu tumieni ile njia ya wamiliki kuomba mkutano kwa sahihi zao, katiba nyingi zinasema kamati isipoitisha ndani ya muda fulani walioomba wanaweza kuitisha wenyewe.

Kama we sio kamati, ni mmiliki tu

Usisimamishe kulipa sevisi chaji kama adhabu. Najua inatia hasira ila ukishakuwa mdaiwa unaweza kunyimwa kura siku unayoihitaji, na mlinzi ndo atakayekosa mshahara, sio yule mjumbe. Andika ombi la kuona hesabu au muhtasari, litaje kitu kimoja na kipindi, peleka kwa kamati nzima sio kwake peke yake, alafu ongea na majirani. Barua ya mtu mmoja ni kero, ya watu sita ni ajenda.

Hatua ya 7: makabidhiano

Iwe kajiuzulu au katolewa, kaeni mezani na orodha ya hatua ya 2. Kila kitu kinatajwa, kinawekwa mezani, kinawekewa tiki, mwisho wote wawili mnasaini na kila mmoja anabaki na kopi. Risiti zilizofutika ziandikeni upya pembeni wakati bado anakumbuka zilikuwa za nini. Ule mfuko wa nailoni ulituchukua jioni tatu, mi nasoma, yeye anasema "hiyo ni taa za ngazi", mwingine anaandika. Nywila zibadilishwe siku hiyohiyo, imeili ya chama iunganishwe na namba ya chama.

Akigoma kukabidhi, barua moja yenye orodha na tarehe ya mwisho, na huku mnaendelea na njia zenu za pili: taarifa za benki watia sahihi wapya wanazichukua benki moja kwa moja, mikataba kwa wakandarasi, funguo kitasa kinabadilishwa. Kwa kile tu kisicho na njia ya pili, na kwa hela isiyoonekana, ndo mnaenda kwa mwanasheria au mamlaka inayosajili chama chenu.

Sisi tulikabidhiana vizuri kabisa tukasahau laini ya simu. Mwezi mzima ile namba ya siri ya benki kila tukitaka kulipa inaingia kwenye simu yake, na kila mara ikabidi tumpigie. Akawa anapokea mlio wa kwanza.